Ganda Lililopita Juu ya Loleza

Mwaka 1957 Isakwisa Mwambene alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kutazama juu. Alikuwa mpima hali ya hewa katika uwanja wa ndege wa Mbeya, uwanja wa nyasi uliokuwa pembeni mwa mji, ambako ilibidi ng'ombe wafukuzwe kwanza ndipo ndege itue. Kila alfajiri saa kumi na moja alifungua kibanda cha gesi, akajaza puto jekundu la mpira, na saa kumi na moja na nusu kamili akaliachia. Halafu alilifuata kwa theodolaiti. Hiyo ni darubini fupi inayosimama juu ya miguu mitatu, yenye mabamba mawili ya shaba yaliyochongwa mistari ya kusomea pembe. Kila dakika aliandika pembe mbili: puto liko upande gani, na limeinuka kiasi gani. Kutokana na hizo aliujua upepo wa juu unavyokwenda, na marubani wakaujua kwake.

Watu wa mjini walimwita mchunga maputo. Hakuchukia. Alikuwa mtu mkimya, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kama wengi wanaochungulia vyombo. Alisoma shule ya misheni huko Rungwe, kisha akapelekwa Nairobi miezi sita kujifunza upimaji, akarudi na saa ya mkononi ambayo hakuiruhusu ikosee hata nusu dakika. Mkewe, Sekela, alizoea kusema kwamba mvua ikianza kunyesha, wanawake wenzake wanakimbilia nguo kwenye kamba, yeye mume wake anakimbilia kipima mvua.

Mwezi wa kumi mwaka huo redio ilitangaza kwamba Warusi wamerusha mwezi wa kutengenezwa, na kwamba unaizunguka dunia nzima kwa dakika tisini na sita. Pale sokoni watu walicheka. Isakwisa hakucheka, lakini pia hakuamini sawasawa. Alijua ugumu wa kupandisha puto tu maili tano.

Wiki moja baadaye, alfajiri, alikuwa ameshika mdomo wa puto lililokwisha jaa. Nyota zilikuwa bado zinaonekana, na upande wa mashariki weupe ulikuwa umeanza. Juu ya bega la mlima Loleza akaona nyota moja inayotembea.

Mwanzoni alidhani ni ndege. Akasubiri sauti. Hakuna. Ile nyota ilikuja kwa mwendo wa taratibu usiosita, ikang'aa kuliko zile ilizozipita, ikapanda mpaka karibu na utosi wake, ikateremka kuelekea kusini-mashariki, upande wa Rungwe alikozaliwa. Safari yote haikumaliza dakika tano. Ilipotoweka aligundua kwamba puto lile alikuwa amelikumbatia kifuani kama mtoto.

Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, puto la Mbeya liliachiwa kwa kuchelewa dakika nne. Kwenye daftari la kituo kulikuwa na nafasi ya kuandika sababu. Isakwisa, ambaye hakuweza kusema uongo kwenye daftari, aliandika: "Mpimaji alikuwa akitazama nyota."

Siku iliyofuata alimwamsha Sekela. Walisimama nje ya nyumba yao ya matofali mabichi, Sekela amejifunika blanketi mpaka masikioni kwa sababu ya baridi.

"Baba Asukile, umeniamshia nini?"

"Ngoja. Tazama juu ya mlima."

Ikaja. Sekela akaifuata kwa macho mpaka ilipopita. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kuna mtu ndani?"

"Redio inasema hakuna."

"Sasa nani anaiendesha?"

Isakwisa alijaribu kumweleza kwamba haiendeshwi, kwamba ilisukumwa mara moja tu na sasa inaanguka bila kufika chini, kwa sababu inakwenda kasi mno na dunia inapinda chini yake. Alipokuwa akisema hivyo alihisi maneno yenyewe yanamzidi. Yeye aliyasoma maneno hayo kwenye kitabu Nairobi kama mtu anayesoma habari za nchi ya mbali. Sasa nchi hiyo ilikuwa inapita juu ya paa lake.

Si watu wote waliolipokea jambo lile kama yeye. Mama yake mzazi, Yudith, aliishi Iyunga kando ya barabara kuu, na alisali katika kanisa dogo lililoongozwa na mwinjilisti aitwaye Filemoni. Filemoni hakuwa mtu wa hila. Alikuwa mkulima wa kahawa na maharage, mwenye viganja vigumu, aliyetoka nyumbani kila alfajiri kwenda kusali peke yake mlimani. Huko ndiko alikoiona ile nyota, mara tatu, na mara ya tatu alianguka kifudifudi. Jumapili aliwaambia waumini alichokiona na alichokiamini: kwamba nguvu za mbingu zimeanza kutikisika, na siku zilizobaki ni chache.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, mawingu ya mvua yakiwa yameanza kujikusanya, Isakwisa alikwenda Iyunga kumsalimu mama yake. Akakuta shamba limelimwa lakini halina mbegu. Akatazama la jirani, na la jirani wa pili. Hali ilikuwa ile ile.

"Mama, mbona hamjapanda?"

Yudith alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage ya kula. Hakuinua uso. "Tupande, avune nani?"

"Mama."

"Gwe mwanangu, wewe unasoma vitabu, sawa. Lakini niliiona mwenyewe. Nyota haitembei. Tangu nizaliwe sijaona nyota inayotembea." Akatupa haragwe bovu pembeni. "Mama Verediana pale chini ameshawachinjia watoto kuku wote."

Isakwisa alirudi mjini kwa miguu, na njia nzima hakuwaza jambo jingine. Kuwaambia watu kwamba redio imesema hakukutosha. Redio ni ya wazungu, na wazungu wamesema mengi. Alitaka kuwaambia jambo alilolijua yeye mwenyewe. Na njia pekee aliyokuwa nayo ya kulijua jambo ilikuwa kulipima.

Hapo ndipo alipomkumbuka Joachim Kalinga. Joachim alikuwa Mhehe wa Idodi, Mkatoliki, mcheshi, aliyelala naye chumba kimoja Nairobi na sasa alikuwa mpima hali ya hewa Iringa. Alikuwa na theodolaiti kama yake. Kati ya Mbeya na Iringa, ukinyoosha mstari kama arukavyo ndege, ni maili mia moja na sabini. Watu wawili wakikitazama kitu kimoja kwa sekunde ile ile, kila mmoja akiwa upande wake, na kila mmoja akaandika pembe zake, urefu wa kitu hicho kwenda juu hauwezi kujificha tena.

Aliandika barua, akamkabidhi dereva wa basi la shirika la reli lililokwenda Iringa. Baada ya siku tatu jibu lilirudi kwa basi lile lile.

"Kamwene, ndugu yangu," aliandika Joachim. "Nimeiona. Mara ya kwanza nilifanya ishara ya msalaba, mara ya pili nikacheka peke yangu kama kichaa. Nipo tayari. Saa yangu nitaisahihisha kwa milio ya redio. Lakini usinicheleweshee jibu la hesabu, maana sitalala. Pembe zangu nitakutumia mwishoni mwa ripoti ya asubuhi, tarakimu kumi tu, nani atajua?"

Ripoti ya asubuhi ilikuwa inatumwa kwa simu ya upepo, kwa mafungu ya tarakimu tano tano. Kila fungu lilikuwa na maana yake: mawingu, upepo, joto, mvua.

Walipanga asubuhi tatu. Ya kwanza Mbeya ilifunikwa na ukungu mpaka Isakwisa hakuiona hata miguu ya theodolaiti yake. Ya pili anga lilikuwa safi. Sekela alikuja naye, akashika saa na taa ndogo ya mkono, kwa sababu mtu mmoja hawezi kufuata nyota inayokimbia na papo hapo asome saa.

"Ikifika dakika ya kumi na mbili na sekunde arobaini, sema 'sasa'," alimwambia. "Usitangulie, usichelewe."

"Nikikosea?"

"Ukikosea sekunde moja, maili tano zimepotea."

Sekela aliikaza saa mkononi kama mtu aliyeshika yai. Ile nyota ilitokea. Isakwisa akaidaka ndani ya kioo, ikamponyoka, akaidaka tena. Ndani ya darubini ilikuwa kubwa zaidi kidogo tu, lakini ilikuwa hai. Iling'aa, ikafifia, ikang'aa tena, kama kitu kinachobingirika. Hakuwa ameliona hilo kwa macho matupu. Akaacha kupumua.

"Sasa!"

Mikono yake ikasimama. Nyota ikatoka kwenye kioo, ikaenda zake. Akasoma mabamba ya shaba, akaandika.

Saa mbili baadaye, mwishoni mwa ripoti ya Iringa, yalikuja mafungu mawili yasiyokuwa ya mawingu wala ya mvua. Isakwisa aliyanakili kwenye kipande cha karatasi, akakaa chini ya mti wa jakaranda nje ya ofisi, akapiga hesabu kwa penseli mpaka saa ya chakula cha mchana. Jibu lake la mwisho lilikuwa maili mia mbili na ishirini. Akalirudia. Likabaki lile lile. Puto lake lililowahi kupanda juu kuliko yote, kabla halijapasuka, lilifika maili nane.

Alikuwa bado anaitazama ile tarakimu alipoitwa ofisini. Mkuu wa kituo, Mwingereza aliyeitwa Tindall, alikuwa ameshika simu ya maandishi. Makao makuu Nairobi walikuwa wanauliza: mafungu mawili ya mwisho katika ripoti ya Iringa ni ya nini?

"Nimewauliza Iringa," Tindall alisema kwa Kiingereza. "Kalinga anasema nikuulize wewe."

Isakwisa aliona kazi yake ikimtoka mikononi. Kutumia chombo cha serikali kwa jambo lako na kupitisha maneno yako kwenye simu ya serikali ni makosa mawili, na Joachim naye angeumia. Akaweka karatasi ya hesabu juu ya meza.

"Tumeipima ile nyota ya Warusi, bwana. Mimi na Joachim."

Tindall aliisoma karatasi akiwa amesimama. Kisha akaketi. Akachukua penseli yake, akapitia mstari kwa mstari, na Isakwisa akasikia mlio wa penseli tu na inzi dirishani. Mwishowe mzungu akapiga mstari chini ya sehemu moja.

"Hapa umehesabu kana kwamba ardhi ni tambarare kutoka hapa mpaka Iringa," alisema. "Maili mia na sabini, Mwambene. Dunia imepinda."

Akasahihisha mwenyewe. Jibu likawa mia mbili na thelathini na sita. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Inapita saa ngapi kesho?"

"Saa kumi na moja na dakika tatu alfajiri, bwana, kama sijakosea."

Siku iliyofuata Tindall alikuwa pale, amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Ilipopita alivua kofia, akabaki nayo mkononi mpaka kulipopambazuka. Mchana aliandika barua kwenda Nairobi, akaambatisha hesabu ile, na juu akaweka majina yote mawili, Mwambene na Kalinga.

Majibu yalikuja upesi kuliko walivyotazamia. Hayakuwa na karipio. Yalisema upimaji ni mzuri na umepelekwa mbele. Lakini yalikuwa na sentensi iliyomfanya Isakwisa aisome barua mara nne. Ilisema kwamba walichokipima siyo mwezi wenyewe. Mwezi wa Warusi ni mpira mdogo, unaweza kuukumbatia, na ni vigumu mno kuuona kwa macho. Kile kinachong'aa ni ganda la roketi iliyoubeba. Mafuta yake yamekwisha, kazi yake imekwisha, nalo linazunguka tu nyuma ya mwezi kwa kuwa hakuna cha kulisimamisha.

Joachim, alipopata nakala, aliandika kwa uchungu. "Tumeamka alfajiri zote hizo kupima debe tupu!"

Isakwisa hakuona hivyo. Usiku huo alimwambia Sekela, na kadiri alivyosema ndivyo sauti yake ilivyoshuka. Watu wa Mbeya, watu wa Iringa, watu wa dunia nzima walioinua nyuso zao mwezi mzima, waliolia, waliosali, walikuwa wanaangalia kitu ambacho waliokirusha wamekwisha kitupa. Jambo la kwanza kabisa ambalo binadamu amelionyesha kwa wote huko juu lilikuwa mabaki yake. Na hata mabaki hayo yalikuwa ya kutisha kwa uzuri.

Kwa wiki moja zaidi aliendelea kupima. Alipolinganisha nyakati za kupita kwake, aliona kwamba mzunguko mmoja haukuwa tena wa dakika tisini na sita. Ulikuwa tisini na mbili, na kila siku ulipungua. Yeye na Joachim walipima tena urefu, safari hii kwa ruhusa, wakapata maili mia moja na arobaini. Ganda lilikuwa linashuka. Na ajabu yake, kadiri lilivyoshuka ndivyo lilivyozidi kwenda mbio.

Jumapili iliyofuata alikwenda Iyunga, akamwomba Filemoni ruhusa ya kusema na watu baada ya ibada. Filemoni alimtazama, akatazama puto jekundu ambalo halijajazwa, lililokuwa mkononi mwake.

"Utawaambia mimi ni mwongo?"

"Hapana, mzee. Nitawaambia nilichokipima."

Watu walikaa nje kwenye nyasi, akina mama mbele. Isakwisa hakuwa amewahi kuhutubia mkutano. Aliinua lile puto.

"Mnalijua hili?"

Wakacheka. Watoto wao waliokota vipande vya mpira mwekundu mashambani, wakafungia manati na mipira ya matambara.

"Kila asubuhi naliachia moja. Linapanda, linanipa habari za upepo, kisha linapasuka. Kazi yake imekwisha. Vipande vinaanguka kwenye mashamba yenu, nami sijawahi kuja kuviokota." Alisita, kwa sababu hilo hakuwa ameliwaza mpaka alipolisema. "Kile mnachokiona alfajiri ni kitu cha namna hiyo. Watu walirusha mwezi mdogo. Chombo kilichoubeba kimebaki huko juu, kitupu. Tumepima, mimi na mwenzangu wa Iringa. Kilikuwa maili mia mbili na thelathini na sita. Sasa kimeshuka mpaka mia moja na arobaini. Hakitafika Krismasi. Kitaanguka, na kikianguka kitaungua kwa mbio zake chenyewe."

Mama Verediana, yule aliyechinja kuku, akasimama. "Kitaangukia wapi?"

"Sijui, mama."

"Kitaangukia nyumba yangu?"

"Sijui. Dunia ni kubwa, sehemu nyingi ni bahari, na ninaamini kitaungua hewani. Lakini kusema najua mahali, nitakuwa nakudanganya."

Manung'uniko yakapita katikati ya watu. Pengine angewaahidi ingekuwa rahisi zaidi. Yudith, mama yake, alikuwa anamtazama bila kupepesa.

Ndipo Filemoni akauliza, polepole, kama mtu anayekanyaga daraja asilolijua. "Isakwisa. Ukisema ni kitu cha watu, nakubali umepima. Sasa wenyewe watakuja kukichukua lini?"

"Hawatakichukua, mzee."

"Kwa nini?"

"Hawana njia. Wanajua kupandisha. Kwenda kuchukua hawajui."

Filemoni aliinua uso juu, mchana ule mweupe ambao hapakuwa na kitu cha kuonekana. Alikaa hivyo muda mrefu hata watu wakaanza kuinua nyuso zao pia.

"Wamefika huko," alisema, "na hawawezi kurudi kuchukua chao." Alitikisa kichwa. "Mimi nilidhani nimeona mkono wa Mungu. Nimeona mkono wa mtu, na bado naogopa."

"Hata mimi naogopa, mzee," Isakwisa alisema. "Lakini siyo kiasi cha kutopanda maharage."

Mama yake ndiye aliyecheka wa kwanza.

Jumatatu Filemoni alionekana shambani kwake na mbegu kiunoni, na aliyekuwa na shaka akamwona. Kufikia Alhamisi mashamba ya Iyunga yalikuwa yamepandwa, na Ijumaa mvua ya kwanza ikanyesha, nzito, milimita thelathini na nne katika kipimo cha Isakwisa.

Siku ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili mawingu yalifunika. Siku ya pili pakawa peupe. Isakwisa na Sekela wakasimama mahali pao, saa ikafika, ikapita. Wakangoja mpaka nyota zote zikafifia. Siku ya tatu vivyo hivyo. Kisha redio ikasema ganda la roketi ya Warusi halionekani tena popote, na inaaminika limeungua.

"Limekufa?" Sekela aliuliza.

"Limeungua."

"Pole yake," alisema Sekela, na hakuwa anatania.

Isakwisa alishangaa kuona kwamba anga limekuwa tupu kwake. Lakini halikukaa tupu. Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, Wamarekani walirusha mpira mdogo usiozidi chungwa kubwa, na wataalamu walisema kwenye redio kwamba umekwenda juu mno, utabaki huko kwa miaka mia mbili au zaidi. Roketi iliyousukuma nayo ilibaki. Isakwisa alizima redio. Miaka mia mbili. Alijaribu kuhesabu wajukuu wa wajukuu, akakwama. Ganda la kwanza lilikuwa na huruma, lilijiondoa lenyewe. Hili halingeondoka wakati wa maisha yake, wala ya mwanawe Asukile, wala ya yeyote ambaye angeweza kumtaja kwa jina.

Aliandika barua kwenda Nairobi, ya kurasa mbili, kwa mwandiko wake wa daftari la kituo. Aliuliza: vitu hivi vikizidi, nani atapewa kazi ya kuviondoa? Na vikigongana? Baada ya wiki sita alijibiwa kwamba swali lake limepokelewa. Hakuna zaidi. Tindall alimwambia asivunjike moyo; hata yeye angeulizwa hivyo asingejua amwandikie nani.

Mwezi wa nane mwaka 1958, wakati wa likizo, Isakwisa alipanda basi kwenda Iringa, na Joachim akampeleka kwao Idodi, ambako nchi inaanza kushuka kuelekea Ruaha na joto linaanza. Huko ndiko alikokutana na mama yake Joachim, Rozalia, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti kubwa, aliyewalisha ugali na mlenda mpaka wakaomba msamaha. Jua lilipozama walikaa uani. Wakati wa kiangazi anga la Idodi halina kitu cha kulizuia. Linaanzia kwenye nyasi.

Joachim ndiye aliyeiona kwanza. "Ile pale!"

Ilikuwa ya Warusi tena, ya tatu, kubwa kuliko zote. Ilipita kwa mwanga uliotulia. Walikuwa bado wanaifuata kwa macho, Isakwisa akashika mkono wa rafiki yake. Nyuma kabisa, kwenye njia nyingine kidogo, ilikuja ya pili. Hii iliwaka, ikazimika kabisa, ikawaka tena.

"Ni mbili," alisema Rozalia. "Ile ya nyuma inaumwa?"

"Hiyo ni tupu, mama," Joachim alimjibu. "Ni ganda. Inabingirika, jua linaipiga ubavuni, ndiyo maana inawaka na kuzimika."

"Na hakuna wa kuishika?"

"Hakuna."

Rozalia akainuka kutoka kwenye kigoda ili aione vizuri, mkono mmoja kiunoni. Isakwisa alikuwa amekwisha toa saa yake. Alianza kuhesabu kwa sauti sekunde kati ya mwako na mwako, moja, mbili, tatu, nne, kwa maana alitaka kujua inabingirika kwa kasi gani, na kwa maana hakujua njia nyingine ya kusimama mbele ya kitu kama kile. Joachim akaanza kuandika kwenye kiganja chake. Rozalia naye akaingia kuhesabu, kwa Kihehe, sauti yake kubwa ikiwazidi wote wawili, mpaka ile tupu ilipoingia kwenye kivuli cha dunia, ikazimika, na safari hiyo haikuwaka tena.